Vitabu vya Agosti Ulivyochagua na Sharon

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Linda,

Bwakire, habari za huko? Natumaini joto la Lodwar halijakumaliza, na kwamba wagonjwa wako wanakuachia hata nafasi ya kula. Huku sote tu wazima. Mama magoti yanamsumbua baridi ikizidi, lakini shambani bado anatutangulia. Mvua ipo, na majani ya chai yanachipua mpaka vidole vinatuuma.

Ningekupigia simu, ila najua ungenicheka kabla sijamaliza. Basi nakuandikia, na huku nimenuna.

Linda, tangu tukiwa shuleni Sironga, nani amekuwa akichagua nawe vitabu vya likizo ya Agosti? Si mimi? Kimoja cha machozi, kimoja cha kicheko, kimoja cha upelelezi, kimoja cha mashairi, na kimoja cha Sabato ili Mama asilalamike. Hata ulipohamia huko ulikuwa ukinitumia picha za vitabu, tunabishana wiki nzima. Mwaka huu nilingoja picha, nikasema labda mtandao unasumbua. Kumbe zilikuwa zinaenda kwa Sharon! Mke wa kaka yetu Ogeto, aliyeolewa hapa Aprili tu! Na ni mimi niliyetumwa stendi kuchukua kifurushi, nikakuta jina lake juu kwa mwandiko wako. Nilikibeba kichwani hadi nyumbani. Roho iliniuma, nakwambia wazi.

Afadhali mngechagua vibaya. Mmechagua vizuri, na hilo ndilo linanikera zaidi. Cha Sabato tu ndicho mmesahau.

Unajua kule kituo cha majani, tukisubiri lori na karani wa kupima, msomaji ni mimi. Wanawake hukaa kando ya magunia yao, nami nawasomea. Sasa ni Sharon. Anasoma polepole, na akifika kwa mwizi anakuwa mwizi kweli. Rispa wa duka hufunga duka aje kumsikiliza. Mimi hakuwahi kunifungia hata dirisha.

Sasa sikia hili. Ijumaa ya wiki iliyopita lori lilichelewa, jua likawa linazama na Sabato inaingia, na Sharon yuko palepale muuaji anapotaka kutajwa. Yeye ni Mkatoliki wa Nyacheki, Sabato yetu bado haijamkaa. Nikatulia, nikamngoja Mama. Unamjua: jua likigusa tu kilima, hunipokonya kitabu hata nikiwa katikati ya sentensi. Linda, giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama akamwambia, "Soma tu, mama. Jua bado."

Jua bado! Nilirudi nyumbani bila kuaga mtu, nikamwachia Ogeto gunia langu alipeleke kupimwa.

Jumanne Sharon alikuja jikoni kwangu na kile cha mashairi. Alisema hakiwezi, anasoma maneno lakini hayaimbi, na kwamba wewe ulimwambia wa kumwonyesha ni mimi. Nilitaka kumwambia nina kazi. Nikamsomea shairi moja, kisha la pili, chai yetu ikapoa. Ana masikio mazuri, sikatai. Lakini kitabu sikumrudishia.

Juzi Ijumaa nikaenda nacho kituoni. Sharon mwenyewe aliwaambia wanyamaze. Nikasoma, na kwa mara ya kwanza Rispa akasahau duka lake. Nilikuwa nimefika pazuri kabisa, kilima bado kina mwanga wa kutosha kuhesabu migomba, Mama akanyoosha mkono.

"Mong'ina, funga kitabu."

Nikakifunga. Sharon alicheka, kisha akaona uso wangu, akanisaidia kubeba gunia. Nami, Linda, bado nina wivu.

Kwa hiyo Desemba tunachagua mimi na wewe, na Sharon nitamwita mimi mwenyewe. Lakini kifurushi uandike jina langu. Na kile cha Sabato usikisahau tena. Kiwe kinene, chenye hadithi tamu. Nataka kusoma mpaka jua lizame lote, na Mama aketi tu anisikilize.

Mama anakusalimu, Ogeto pia, na Rispa anauliza kama umenenepa. Sharon anasema atakuandikia, nami nimemwambia asubiri zamu yake. Nyasae akutunze kazini na njiani.

Wako akupendaye hata akinuna,

Mong'ina