Mafuta ya Mama Usoni Mwangu

Chumba cha nyuma,
Duka la vipodozi la Mama.
Jumapili, 14 Septemba.

Shangazi mpendwa,

Nisamehe, leo salamu zitangoja kidogo. Najijua. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, nitakutakia afya njema, nitafunga bahasha, na nitakuwa sijasema kitu. Kwa hiyo nalitoa kwanza: Jumatano iliyopita Mama alimwambia mteja kwamba mimi si mtoto wake. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, ufagio mkononi. Sijamwambia mtu yeyote, hata Baba.

Haya, sasa shikamoo Shangazi. U hali gani huko? Kifua kimetulia, au vumbi la pamba la kiwandani bado linakukohoza? Baba alitusomea barua yako ya mwisho kwa sauti, na alipofika pale uliposema siku hizi unakula peke yako, akaikunja akasema mengine ni ya wakubwa. Huku tupo. Baba bado yuko na lori lake, anarudi mwisho wa wiki analala kama gogo. Mdogo wangu Kifaranga ameota upya meno mawili ya mbele na anatembea mdomo wazi ili yaonekane. Bibi macho yamepungua lakini maneno yameongezeka. Mama ni mzima. Mimi pia, mwili ni mzima.

Tatizo ni uso.

Hujaniona tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo nikueleze. Chunusi zilianza mwaka juzi kwenye paji la uso, tatu tu, kama watu waliokuja kutazama kiwanja. Sasa wamejenga mji mzima. Wameshuka puani, wakajaa kidevuni, wakapanda mashavuni. Za kidevuni zinauma hata nikicheka, ingawa hilo halitokei mara nyingi.

Shuleni naitwa Kokoto. Nikiingia darasani, kuna mmoja anayekaa nyuma lazima aseme, "Kokoto imefika! Leteni saruji tumalizie ukuta!" Darasa zima linapasuka. Siku moja mwalimu wa hesabu naye alicheka, halafu akajifanya anapenga kamasi. Mwalimu huyo nilikuwa nampenda.

Sasa fikiria msichana mwenye uso huo, na mama yake anauza uzuri. Duka letu ni dogo lakini linang'aa. Kuna kabati la vioo, taa nyeupe, na kioo kirefu ukutani ambacho wateja hujitazama wakinyonya mashavu. Mimi nakaa nyuma ya pazia, kwenye stoo yenye mlango wa kuingilia nyumbani kwetu, katikati ya makatoni. Ndimo ninamoandikia sasa. Mama alinihamishia huku kwa upole kabisa: "Wewe kaa huku ndani mwanangu, huku kuna feni." Feni yenyewe iliungua zamani. Nilielewa, nikavuta kiti.

Kazi yangu ni kusoma. Chupa nyingi zimeandikwa kwa ile lugha tunayofundishiwa shuleni, na Mama haisomi sawasawa. Mteja akiuliza, mkono wa Mama unapita pembeni mwa pazia na chupa, nami nasoma na kutafsiri kwa sauti. Wateja wamenizoea kama redio. "Hebu muulize yule wa ndani, hii inafaa ngozi gani?" Fundi cherehani wa duka la pili hunitania kila akija: "Sauti tamu namna hiyo, sura je? Toka basi nikuone, mkwe wangu, nina kijana wangu mimi!" Nasoma chupa nyingine mpaka nisikie ameondoka.

Kwa kusoma chupa za watu nimejua mambo ya ngozi kuliko masomo yangu yote ya shule. Niliyajaribu hapa nyumbani. Unanawa uso kwa maji na sabuni laini, unajifuta taratibu, hupaki kitu, unakaa kama saa nzima. Kisha unachukua karatasi laini unaigandamiza usoni. Ya Baba ililowa mafuta kote, ungeweza kuifungia maandazi. Hiyo ni ngozi ya mafuta, inataka kunawa vizuri na losheni nyepesi ya majimaji. Ya Kifaranga ilitoka kavu na safi, na ngozi yake haivuti wala haing'ai. Yeye ana ngozi ya kawaida, ana bahati zake. Bibi alikataa, akasema uso wake umekwisha kufanya mitihani yote.

Ya Mama ilitoka kavu kabisa, na ngozi yake ilikuwa inamvuta mpaka akawa anauma midomo. Ngozi kavu. Ngozi ya namna hiyo inaomba mafuta mazito, tena inayapokea kwa shukrani. Ndiyo maana Mama anang'aa. Ndiyo maana anaamini.

Yangu ilikuwa na mafuta kwenye paji, puani na kidevuni, na kavu mashavuni. Wanaiita mchanganyiko. Juu ya hayo ni nyeti, ukiigusa na kitu kigeni inawaka. Ngozi kama hii haitaki kusuguliwa wala kubonyezwa. Kitu kipya unakijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, unangoja siku kadhaa, ndipo usoni. Haya yote niliyajua baada ya kuharibu. Nilikuwa nimejisugua kwa sabuni ya kufulia, nikapaka dawa ya meno, nikapaka ndimu nikakaa juani kama nguo. Ngozi ilikauka ikachanika, halafu ikatoa mafuta zaidi ya mwanzo, kama vile nimeikasirisha.

Shangazi, hapa ndipo penye jambo ambalo ukilisikia utasema mtoto huyu hana akili.

Dawa ya uso wangu naijua. Ni kuacha mafuta ya Mama.

Mama ana mafuta yake anayochanganya mwenyewe jikoni. Anayeyusha nta, anatia mafuta ya nazi na manukato, anamimina kwenye makopo madogo, anayauza. Ndiyo yanayouzwa kuliko vyote dukani. Wenye ngozi kavu wanayasifia na wanarudi. Na kila jioni baada ya chakula, Mama anakuja huku na kopo. Anakaa kwenye katoni, ananivuta kichwa, anaanza kunipaka. Anaanzia hapa katikati ya nyusi, anakwenda pembeni, anashuka mashavuni, kidogo kidogo, na kidole gumba anazunguka kila chunusi kama anaibembeleza itoke. Anasema, "Mimi nimepaka haya tangu usichana wangu, hebu nitazame. Na wewe yatakukubali tu." Wakati mwingine anaguna na kusema, "Huu uso umetoka upande wa baba yako, uso wa shangazi yako huu, mkaidi," lakini mikono yake haisemi hivyo.

Hakuna mtu mwingine anayenigusa uso. Hata mimi mwenyewe siugusi. Mchana kutwa Mama ananitazama pembeni, anaongea na bega langu. Jioni tu ndiyo ananitazama usoni, karibu kabisa, mpaka nasikia pumzi yake. Nami nafumba macho nikijua kila anachopaka kinaziba vitundu vya ngozi na kesho kutakuwa na chunusi mpya. Naamka uso unadunda. Halafu jioni naungoja tena mlango ufunguke.

Nikimwambia, "Mama, mafuta yako ni mazuri lakini si ya ngozi yangu," atasikia kwamba yeye ndiye aliyeniharibu. Yeye ni mtu wa kusikia hivyo. Ataweka kopo chini na hatakuja tena. Nitapona labda. Nitapona nikae humu na makatoni, na uso msafi usioguswa na mtu. Nimefikiri mpaka nimechoka, na sijaona ninakotokea.

Basi ndiyo ikaja Jumatano. Mama alikuwa na mteja, binti anayetarajia kuolewa, mwenye maneno mengi na pochi kubwa. Nikasikia chupa imeanguka, ikapasuka. Sikufikiri, nikatoka na ufagio kabla mtu hajakanyaga vioo. Nilipoinuka yule dada alikuwa ananitazama, kopo la mafuta ya Mama mkononi.

Akamwambia Mama, "Heee! Kama mafuta yako ni mazuri hivyo, mbona binti yako yuko hivi?"

Mama akacheka. Kile kicheko chake cha dukani, unakijua, kifupi chenye meno. Akasema, "Huyu? Huyu si wangu, mdogo wangu. Mtoto wa jirani, anakuja kunisaidia kufagia."

"Ah! Nikashangaa mie!" Yule dada akashusha pumzi kabisa. Kisha akanigeukia, tena kwa huruma, akanisogezea kopo usoni. "Wewe mdogo wangu, mama yako hakuoni? Mwambie akununulie haya. Utakuwa kama huyu mama hapa."

Nikasema, "Sawa, dada. Nitamwambia."

Ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyenilazimisha. Nikafagia vioo vyote, nikapitisha kitambaa kibichi chini ya kabati, nikarudi nyuma ya pazia. Nilisikia kopo linafungwa kwenye karatasi. Mama akamwaga maneno ya kumshukuru, mengi kuliko kawaida.

Jioni ile alikuja kama siku zote. Nilidhani atasema kitu. Nilidhani nitasema kitu. Alikaa kwenye katoni, akafungua kopo, akanipaka, na alinipaka kwa muda mrefu kuliko siku zote, hata sehemu alizokwisha kupaka alizirudia. Alipomaliza akasema, "Ulale salama." Hakuniita mwanangu. Tangu siku hiyo hajaniita. Huenda anaona haya. Huenda amegundua kwamba ni rahisi kunikana.

Kinachoniua ni kwamba namwelewa. Mimi mwenyewe ningekuwa na duka la uso, ningemweka Kokoto mbele? Nyumba inakula kwa yale makopo, lori la Baba likiharibika tunaishi kwa makopo hayo tu. Nimejaribu kumchukia siku hizi chache, na kila nikifika karibu, jioni inafika, mikono inakuja.

Shangazi, nakuandikia wewe kwa sababu wote wanasema uso huu ni wako. Tuna picha yako moja tu, ya harusi ya Baba. Watu wote wanatazama kamera, wewe unatazama mlango. Zamani nilidhani kuna mtu alikuita. Sasa nadhani najua. Nataka unijibu kweli, usinifariji, nimefarijiwa na kila mtu mpaka mteja. Ulipona? Na kama ulipona, ulipona ukiwa bado hapa nyumbani, au ilibidi uondoke kwanza? Je, ni kiwanda tu kilichokupeleka huko mbali? Na ukijitazama sasa kwenye kioo, unamwona mtu, au bado unaona ngozi?

Sitaki dawa. Dawa ninazo humu makatoni, nimezungukwa nazo. Nataka kujua kama mtu anaweza kuishi na uso huu mpaka akawa mkubwa kama wewe, akapokea mshahara, akaandika barua zenye mzaha kama zako. Kwa sasa sioni. Naona kesho, naona keshokutwa, na zote zina korido ya shule na pazia.

Bibi anakusalimu, anasema usiache kufunga kifua chako na nguo ya moto. Kifaranga anakusalimu, anataka umletee gari lenye mlango unaofunguka. Baba wiki hii hajarudi, bado yuko njiani na lori, lakini najua salamu zake, ni zile za siku zote: uje. Msalimie yule rafiki yako wa kiwandani unayemtaja kila mara. Mungu akulinde na vumbi, akupe usingizi, na akupe mtu wa kula naye.

Shangazi, nasikia kandambili za Mama zinatoka jikoni. Kwa kawaida nikizisikia karatasi huingia chini ya daftari la jiografia, nami huinua uso nikafumba macho. Barua hii niliianza kwa lugha ya shule ili hata akiiona asiifahamu. Nikaichana. Hii anaweza kuisoma yote, kila neno.

Daftari liko hapa karibu na kiwiko changu. Sijalichukua. Nimezipanga kurasa mezani chini ya taa, ule wenye maneno ya Jumatano nimeuweka juu. Naandika haraka hata mwandiko umeharibika, utanisamehe. Kama barua itakufikia, ujue ameniachia niitume.

Amesimama mlangoni. Sijui ataanza na karatasi au na uso.

Ni mimi wako, nikupendaye bila kukuona,

Mtoto wa kaka yako.