Walivyokuja Kumlilia Wakoli Chuoni

Mtaa wa Milimani,
Kitale.
Tarehe 16 Novemba 2025.

Mpendwa Kaka Wabwile,

Pokea salamu zetu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo wewe, na hawajambo wa nyumbani mwako? Wifi Edinah mgongo wake umetulia, au bado anapanda ngazi akiwa ameshika ukuta? Na yale magoti yako, baridi ya huko ng'ambo imeshaanza kuyatafuta?

Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anagombana na yeyote anayemtilia sukari kwenye uji, na bado anakwenda kanisani kwa miguu ingawa binamu yetu Wekoye ana pikipiki na hupita njia hiyo hiyo. Mahindi tumevuna. Mvua ilikataa kukoma, kwa hiyo tuliyaanika barazani, kisha sebuleni, na kwa wiki kadhaa wageni walikaa juu ya magunia.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Ulipiga, ukafoka, nami nikafoka, ukakata. Barua huwezi kuikata katikati. Phelista, binti wa jirani, anarudi huko kwenye masomo yake na amekubali kukuletea. Mpe chai, na usimhoji kuhusu mambo haya. Hakuwepo.

Ulisema mawili: kwamba nimemfanyia Wakoli matanga nyuma ya mgongo wako, na kwamba nimemgeuza mdogo wetu kuwa mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. La kwanza si kweli. La pili ni kweli nusu, na nusu hiyo naitetea.

Nianze na chuo hiki ninapofundisha. Kila mwaka tunakuwa na tamasha la michezo, mashairi na michoro. Kwa muda mrefu mada yake ilikuwa amani au mazingira, maneno yasiyomwudhi mtu. Mwaka huu kamati ilinipa uenyekiti, kosa lao, nami nikaleta mada ya haki. Kikao cha walimu kilikuwa kirefu. Mkuu wa chuo alikubali haki, mradi isiwe haki ya mtu yeyote hasa. Nilimwambia haki isiyo na mwenyewe ni pambo la kalenda. Mwishowe alikubali, nadhani ili aende kula.

Rosaline, binti ya Wakoli, yuko mwaka wa pili hapa, anasomea ualimu. Wewe ulimwacha akitambaa. Alikuwa hajajua kusema vizuri baba yake alipochukuliwa Cheptais siku ya soko, mwaka ule wa mapigano ya mlimani, akiwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio. Waliomchukua walikuwa na bunduki, na mpaka leo hakuna upande uliokubali kwamba walikuwa watu wake. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu wanao hawayajui, na huenda siku moja wakaisoma barua hii.

Unajua pia jinsi Mama alivyokaa tangu hapo. Hakuruhusu matanga. Hakuruhusu mtu atamke neno marehemu mbele yake. Mchungaji alijaribu mara moja, akaonyeshwa mlango. Kila Desemba aliwaita wanawake wakaikandika upya nyumba ya Wakoli, ile ya udongo karibu na mparachichi, nyumba isiyolalwa na mtu, ili akirudi asikute imeanguka. Mke wa Wakoli alipoolewa kwingine Mama hakumlaumu, lakini udongo uliendelea kuchimbwa.

Basi Rosaline aliandaa kitu kifupi kwa ajili ya tamasha. Kiti kitupu katikati ya jukwaa, naye anakieleza habari za siku yake, kama mtoto anayemsimulia baba yake mambo ya shule. Hakuna zaidi. Mimi nilitaka ahutubie. Nilimwambia watu hawapotei kama mbuzi, wanapotezwa, na aliyewapoteza analala kwake vizuri. Alinisikiliza kwa heshima ya mtu kwa shangazi yake, kisha akasema, "Senge, hiyo yako ni makala ya gazeti. Mimi nataka tu kuongea na yeye." Nikamkubalia. Wanakamati walitazamana kwa mshangao.

Sasa matangazo, kwa kuwa hapo ndipo hasira yako ilipo.

Hapa chuoni matangazo husomwa asubuhi kwa kipaza sauti na Bashir, mlezi wa wanafunzi. Ni mtu wa Kitale hapa hapa, amezaliwa karibu na msikiti. Ana sauti moja kwa kila jambo: maji yatakatika kesho, funguo zimeokotwa bwenini, ambaye hajarudisha godoro arudishe, tamasha ni Ijumaa. Hakuna anayesikiliza. Wanafunzi wakaona wakingoja Bashir awaletee watu, watacheza mbele ya viti. Kila mmoja akachapisha tangazo lake mwenyewe.

La Rosaline lilikuwa na picha ya Wakoli, ile ya kitambulisho, imekuzwa, nyeusi na nyeupe. Chini yake: Wakoli, mwana wa Wanyonyi, wa Sirisia. Ijumaa, saa nane mchana, uwanja wa chuo, Kitale. Wote mnakaribishwa. Neno tamasha lilikuwepo, kwa herufi ndogo, pembeni, chini ya nembo ya wafadhili. Alibandika nakala zake Kitale na Bungoma mjini, na nyingine akazituma kwa pikipiki mpaka Sirisia na Cheptais.

Wewe umekulia huku, Kaka. Ungelikuta tangazo hilo ukutani, ungefikiri nini?

Ndivyo walivyofikiri. Wekoye bado ndiye karani wa kanisa. Alilisoma Jumapili baada ya sadaka, kwa sauti anayosomea vifo vyote, na mdomo wake ukaongeza wenyewe yale unayoongeza siku zote, kwamba mwili utakuwepo tangu asubuhi na wenye kuni wazilete. Hakukusudia ubaya. Nilipomkabili baadaye alinijibu, "Lakini Bilha, bana. Picha ya mtu. Jina la baba yake. Siku na saa. Wewe ulitaka nifikirie nini, ati arusi?" Nimebishana na watu wengi wenye elimu nzito. Kwa Wekoye nilichukua mkoba wangu, nikaenda zangu.

Utauliza mbona hakuna aliyenipigia simu. Walidhani tangazo limetoka kwetu, na mtu haiulizi familia kama kweli imefiwa. Mama mwenyewe alikuwa benchi la mbele. Wanasema hakulia. Alikwenda nyumbani, akatoa kitenge chake cheusi, akawaambia wasinipigie, kwa sababu Bilha ataanza kubishana.

Ijumaa tulikuwa tumeanza vizuri. Fardosa, msichana wa mwaka wa kwanza, alikuwa jukwaani akisoma shairi kuhusu siku walipomzungusha ofisi kwa ofisi akitafuta kitambulisho, akiulizwa babu yake alizaliwa wapi. Lilikuwa shairi kali, nami nilikuwa nalifurahia. Ndipo lori la miwa likaingia langoni likiwa limejaa watu wetu. Wanawake walishika matawi, waliokuwa nyuma walikalia kuni na sufuria, na Senge Nabwile, shangazi yetu, alikuwa amesimama karibu na dereva akilia kwa sauti yake ile. Fardosa alimaliza ubeti aliokuwa nao, akashuka. Ng'ombe wa kutoka Cheptais aliteremshwa na kufungwa kwenye mlingoti wa goli.

Niliwakimbilia. Niliwaeleza kwamba hakuna mwili, kwamba hili ni tamasha, kwamba Rosaline anaigiza.

"Ati anaigiza?" Senge akanyamaza kulia palepale. "Nimetoka Cheptais na ng'ombe, unaniambia ni mchezo? Si mngeandika!"

"Imeandikwa, Senge. Pale pembeni."

"Pembeni! Kifo mnaandika katikati, mchezo mnaandika pembeni?"

Mtu mmoja wa wafadhili, aliyekuwa na kamera, aliniuliza kama lori ni sehemu ya onyesho. Nilimwambia azime kamera. Hakuizima mara ya kwanza.

Nyuma ya lori alikuja Kipkorir, yule aliyekuwa na kibanda cha viatu kando ya kibanda cha Wakoli. Alikuwa ameteremka mlimani kwa pikipiki. Alinivuta kando, akaniuliza polepole kama waliompata Wakoli walimpata pia nduguye yeye Kipkorir, kwa sababu wawili hao walichukuliwa pamoja. Nilimwambia hakuna aliyepatikana. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi nitakaa tu. Nimeshafika." Akatafuta kiti.

Mama aliteremshwa mwisho. Nilijiandaa kwa lolote, maana ndiye tuliyemwogopa sote miaka yote hii. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye jukwaa, ambako picha ya Wakoli ilikuwa imeegemezwa kwenye kile kiti. Akaitazama. Rosaline alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Mama alimuuliza, "Yuko wapi?" Mtoto akamwambia bibi yake, "Hayuko, Kukhu. Ni mimi niliweka picha. Nisamehe."

Mama akageuka, akawatazama watu. Walikuwa wengi. Ukoo wetu, kanisa, watu wa sokoni, na wanafunzi waliokuwa wameacha simu zao. Alisema kwa Kibukusu, nami nakuandikia kwa Kiswahili kwa ajili ya wanao: "Mama hawezi kuwaita watu wamlilie mtoto ambaye hajamwona amelala. Akiwaita, ni yeye amemuua. Mimi sikuwaita. Mmekuja wenyewe." Kisha akaomba kiti chake mwenyewe, kando ya kile kitupu, akakaa.

Nilikuwa na hotuba mfukoni. Ilibaki huko.

Mkuu wa chuo alinong'ona kwamba ratiba ina mashindano ya ngoma na mgeni wa heshima yuko njiani. Bashir akamtazama, akachukua kipaza sauti, na kwa sauti ile ile ya magodoro na funguo akasema: "Tangazo. Mashindano ya ngoma hayatakuwepo. Tuna msiba. Wanafunzi wa bweni la chini waje wateremshe kuni. Jikoni wawashe moto." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona tangazo la chuo likitekelezwa kabla halijaisha.

Rosaline alifanya sehemu yake. Alikieleza kiti kwamba amefaulu mazoezi ya kufundisha, kwamba watoto wa darasa la tatu walimwita mwalimu, kwamba viatu vyake vinavuja. Mama alijibu kila jambo kwa kuguna, kama anavyojibu mtu aliye nyumbani. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Baba Mdogo alisimama, akatembea huku na huku mbele ya watu kama inavyompasa mzee kwenye msiba wetu, akaeleza Wakoli alikuwa nani: mwizi wa miwa ya jirani akiwa mdogo, fundi aliyeweza kuifufua redio iliyolowa, mtu aliyekopesha kicheko. Kisha akataja jina la ndugu wa Kipkorir, kwa kuwa Kipkorir alikuwa amemuulizia, na Kipkorir akavua kofia.

Ng'ombe alichinjwa chuoni. Wanafunzi walikula vizuri siku hiyo. Siku ya tatu, nyumbani Sirisia, Mama alimnyoa Rosaline kwa mkono wake, kama wanavyonyolewa waliofiwa.

Hayo ndiyo uliyoyaona kwenye picha alizokutumia Wekoye. Utaona basi kwamba hakuna aliyekuficha kitu. Sisi wenyewe tulipata habari lori likiwa langoni. Na ukiniambia kwamba mambo ya ukoo hayafanyiki kwenye jukwaa la wanafunzi, nitakuuliza yangefanyika wapi. Ofisi zote tulizopeleka jina lake zilitupa kiti cha kungojea, hazikutupa zaidi. Kanisa liliogopa. Mimi niliandika magazetini mpaka wahariri wakaanza kunijibu kwa salamu tu. Msichana mmoja aliweka picha kwenye kiti, na watu wakaleta kuni. Nasimama upande wake.

Lakini Wakoli hajazikwa, Kaka. Hilo nataka ulielewe vizuri. Mtu asipopatikana wazee wetu huzika kigogo cha mgomba mahali pake, na mkubwa wake ndiye hutangulia kutia udongo. Mkubwa wake ni wewe. Baba Mdogo yuko tayari kushika nafasi yako, lakini Mama amekataa. Anasema watu walikuja bila kuitwa, basi na wewe hataki kukuita. Kwa hiyo sikuiti. Nakupa habari tu, na wewe ni mtu mzima.

Jambo moja lingine. Juzi wanawake walikuja kumuuliza Mama lini wataanza kuchimba udongo wa Desemba. Aliwakaribisha, akawapa chai, akaongea nao habari za mahindi hadi wakaondoka. Jana nilipita pale kwenye nyumba ya Wakoli. Ukuta wa upande wa mparachichi umepasuka toka dirishani hadi chini, na naona mvua ya Machi itaumaliza. Mama alikuwa ameketi barazani akinitazama nikiutazama. Akasema nisiuguse.

Ukitaka kuiona nyumba hiyo ikiwa imesimama, unajua ni kabla ya lini.

Nisalimie Wifi Edinah na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Rosaline anakusalimu; nywele zimeanza kuota. Baba Mdogo, Senge Nabwile na Wekoye wanakusalimu, na Wekoye anasema picha alizituma kwa nia njema. Mama hakunituma salamu. Aliuliza tu kama barua inafika.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akulainishie moyo ambao mimi nimeshindwa kuulainisha.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata tunapofokeana,

Bilha