Steringi Niliyemlilia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Kimara mama yako mdogo kajifungua wa kiume, tunashukuru. Umeuliza kama kweli bibi yako aliwahi kumwekea msiba mcheza sinema wa Marekani. Ni kweli, na aibu haijaniisha.

Nilikuwa mgeni mjini, babu yako akanipeleka sinema. Yule Mmarekani ndiye alikuwa steringi. Akapigwa risasi, akafa. Kesho yake nikajifunga kanga kiunoni, sikupika, majirani wakaja kunipa pole. Mmoja akauliza maziko saa ngapi. Wiki iliyofuata nikamwona yuleyule juu ya farasi, nikapiga kelele, "Jamani, huyu si tulimlilia?" Ukumbi mzima ukacheka. Babu yako hakucheka. Alinishika mkono tu.

Juzi redio ilitangaza kwamba safari hii kafa kweli, mzee, hana hata mtoto wa kumzika. Nilisikia vizuri kabisa, nikabadilisha stesheni kutafuta taarabu.

Leo nimejifunga kanga kiunoni. Mama yako mdogo ananiuliza, "Mama, msiba wa nani?" Naona haya kumjibu.

Bibi yako