Ulimi Wako Bado Uko Mjini

Tantine Sifa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mwalimu akituuliza darasani kila mmoja anapakumbuka wapi, wenzangu husema Uvira, Fizi, Bujumbura. Mimi husema Bukavu, kwa sababu ndiko mlikotoka. Si kweli. Nilizaliwa hapa hapa Malawi, katika kambi ya Dzaleka, na mahali ninapopakumbuka kweli ni Idjwi, kisiwa ambacho sijawahi kukikanyaga. Nakikumbuka kwa wiki moja tu, na hata wiki hiyo si yangu. Ni yako na ya Tonton Deo.

Nimeanza kukuandikia mara nyingi, nikaacha. Wewe unanijua. Kwenye karatasi nina maneno mengi, lakini bantu wakinitazama yote yanakimbia.

Niruhusu kwanza nisimulie safari yako, uone kwamba sijasahau. Mlikuwa mmeoana karibuni. Tonton alikuwa mwalimu, wewe ulikuwa unajifunza kushona, na mkajipa likizo, ya kwanza na ya mwisho maishani mwenu. Mlipanda boti asubuhi pale Bukavu. Ulitapika ziwani, na Tonton akakushikia viatu. Kisiwani, karibu na pale boti zinapofungwa, mlimkuta bibi mmoja mwenye meza ya chupa zisizo na karatasi wala jina. Zilikuwa likeri, pombe tamu za matunda alizozitengeneza mwenyewe: ya nanasi, ya marakuja, ya ndizi, na moja nyekundu ambayo hakutaka kuitaja. Wageni walitaka kununua haraka waende zao. Bibi hakukubali. Ilikuwa lazima ufunge macho, uonje kifuniko kimoja, useme umeonja tunda gani. Ukipata, anakuuzia. Ukikosa anakuambia, "Rudi kesho. Ulimi wako bado uko mjini."

Nanasi ulilipata papo hapo. Ndizi pia. Ile nyekundu ikakushinda. Ukasema marakuja, bibi akacheka. Kesho yake ukasema mapera, akacheka zaidi. Tonton alikuambia muachane naye, kuna likeri nyingine sokoni, na wewe ukakataa kula chakula cha jioni kwa hasira. Asubuhi ya kuondoka ulifunga macho tena, ukaonja, ukasema, "Prune." Lile tunda jekundu linaloota juu ya mti, ambalo ndani lina mbegu kama nyanya. Bibi akapiga makofi. Mkarudi Bukavu na chupa, na chupa ikaisha siku nyingi kabla hamjakimbia. Lakini kifuniko chake ulikuja nacho mpaka Malawi, kimefungwa kwenye pindo la kitenge.

Kwa kile kifuniko ulitupeleka kisiwani kila Jumamosi. Ulitandika kitenge juu ya meza nyuma ya nyumba, ukapanga chupa zako, za batoto upande huu, maji ya matunda na sukari tu, na za wakubwa upande ule, zile ulizolowekea matunda ndani ya kachasu, pombe kali ya wamama wa kijijini. Halafu sauti yako ilibadilika, ukawa yule bibi.

"Karibu ku kisiwa, mugeni! Boti ilikuchokesha?"

"Kidogo, Bibi."

"Funga macho. Bantu ba haraka mi sibauzie."

Kwa watoto wengine malipo yalikuwa wimbo au kucheza. Kwangu ulisema malipo ni neno moja nililolisoma wiki ile, ambalo wewe hulijui. Nilisoma vitabu vya maktaba ya shule nikitafuta neno la kukulipa. Nakumbuka nilikuletea "machweo" ukasema unalijua, rudi na lingine. Nikakuletea "kitovu cha dunia", ukasema hayo ni maneno matatu, nimelipa kupita kiasi, ukanipa kifuniko cha pili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia kwamba maneno yangu yanatosha kununua kitu.

Sasa nikuambie yaliyobadilika.

Marakuja yako imetambaa juu ya ua mpaka kwa jirani. Imezaa sana, na batoto wanayachuma mabichi kwa kuwa hakuna wa kuwafukuza na fagio. Mama ameifunika cherehani yako kwa shuka. Jumamosi hatuendi popote. Mimi hufua nguo za shule, nikimaliza nakaa nyuma ya nyumba na kitabu, na sisomi.

Aliyebadilika zaidi ni Tonton. Tangu tulipokurudisha kutoka hospitali kule Likuni, tukakuzika, alikuwa hakai upande wa mlango. Aligeuza kiti, akawa anatazama ukuta. Mama akimletea nsima, ugali wa huku, alishukuru kwa zikomo, akala matonge mawili, akaifunika. Siku moja alituambia kwamba matanga yakishaondolewa atarudi Bukavu, peke yake. Mama akashika kichwa.

"Deo, kule kuna nini? Bantu banakimbia kule, we unaenda?"

"Huku kila kitu ni yeye," Tonton akasema. "Hata fagio."

Nilitaka kumwambia asiende. Tantine, nilitaka sana. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikapita nayo jikoni.

Wiki ya matanga, Mama aliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda Lilongwe kununua mchele na sukari. Huko Kawale, katika duka moja, nikaona chupa kwenye rafu ya juu. Karatasi yake ilikuwa na picha ya kisiwa: mnazi, mchanga mweupe, jua. Nikasogea nisome imetengenezwa kwa tunda gani. Nilisoma mbele na nyuma. Hakuna tunda lililotajwa, rangi tu na ladha. Mwenye duka akanipigia kelele, "Iwe! Izi ndi za akulu!" yaani hivyo ni vya wakubwa, na Mama akanivuta sikio. Njia nzima nilikuwa naifikiria ile chupa. Nilijua pale dukani mtu akitoa hela anaichukua tu. Hakuna wa kumwambia afunge macho. Nikakutamani hata pua ikaniwasha.

Siku ya matanga, asubuhi, wakati tunahamisha vitu ili bamama ba kanisa wapate pa kukaa, Mama akainama chini ya meza ya cherehani, akaikuta chupa yako ya masuku, yale matunda ya porini. Ile uliyoianza wakati wamama wa kijijini walipokuwa wanapita na ndoo za masuku kichwani, kabla hujaugua. Uliniambia, "Hii tusiifungue mpaka apatikane mugeni wa kweli."

Mama aliishika kama mtu aliyeshika panya. "Bamama bakikuta hii, batasema tunamlilia mulevi," akasema, akaenda nayo nyuma ya nyumba kuimwaga.

Nikamfuata. Sijui niseme nini kuhusu kilichotokea, kwa sababu nadhani sikuwa mimi. Nilimwambia, "Mama, hapana." Nilisema kwa sauti. Hata Mama alishangaa, akanipa chupa bila kujua anaitoa. Nikatandika kitenge chako juu ya meza. Nikachukua kifuniko kutoka kwenye kopo lako la vifungo. Nikaenda ndani, nikasimama kati ya Tonton na ukuta wake.

"Karibu ku kisiwa, mugeni," nikasema. "Boti ilikuchokesha?"

Nilifikiri atanifukuza. Halafu akasema, "Ilinichokesha, Bibi," akainuka.

Bamama ba kanisa walikuwa wameanza kuingia. Walituona tukipita, mimi mbele, yeye nyuma. Alifunga macho. Nikammiminia kifuniko, akaonja, akakaa nayo mdomoni.

"Marakuja," akasema.

Ningefanya nini, Tantine? Sheria ni sheria. Nikamwambia, "Rudi kesho. Ulimi wako bado uko mjini."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio, halafu kikarudi kuwa kicheko. Alipoweza kusema, aliniambia jambo ambalo labda hata wewe hukulijua vizuri. Usiku ule wa mwisho kisiwani, ulipolala na njaa yako ya hasira, alikwenda nyuma ya nyumba ya bibi, akaona maganda ya prune yametupwa. Asubuhi alikunong'oneza sikioni wakati umefunga macho. "Sifa alisema alilijua mwenyewe," akasema. "Miaka yote alisema hivyo, na mi nikanyamaza, kwani alikuwa na furaha sana."

Sasa sijui. Ulimsikia au hukumsikia? Nafikiri ulimsikia. Nafikiri uliamua kuliita jibu lako. Natamani ungekuwa hapa nikuulize, unipige na kitambaa kwa utani.

Mama Shemasi, yule mnene anayeongoza maombi, alikuja kuona kelele ni za nini.

"Hiyo ni nini, Mwalimu Deo?"

"Ni dawa ya kilio, Mama Shemasi."

Akachukua chupa, akainusa, akanusa tena. "Dawa yenu inanukia vizuri kupita kilio," akasema. "Mi sikuona kitu." Akageuka, akawaambia bamama wengine mchele unaungua, na mchele ulikuwa bado haujawekwa motoni. Mama yangu alifunika mdomo kwa kanga. Chupa ikarudi chini ya meza.

Mimi sikuonja. Ulisema nitaonja nikimaliza shule, na sijamaliza.

Tantine, nakuaga sasa, lakini si kama walivyokuaga kaburini, ambapo sikuweza kufungua mdomo. Lala vizuri. Nakuahidi nitamaliza shule. Nakuahidi pia kwamba siku moja nitapanda boti pale Bukavu, nitatapika kama wewe ikibidi, na nitashuka Idjwi na kifuniko hiki. Kama ile meza bado ipo, nitafunga macho. Kama haipo, nitatandika mwenyewe kitenge chako, niwaulize wapita njia kama boti iliwachokesha. Mpaka siku hiyo nitaendelea kukutamani wewe na kisiwa pamoja, maana siwezi tena kuwatenganisha.

Kesho yake baada ya matanga, nilipotoka shule, nilitandika kitenge. Tonton alikuja mwenyewe, amenyoa ndevu. Alifunga macho, akaonja, akafikiri sana. Amekula masuku katika nchi hii miaka yote tuliyoishi hapa, Tantine. Anayanunua mwenyewe njiani na kutema mbegu.

"Ndimu," akasema.

Nikamwambia arudi kesho. Nikamwomba alipe neno, akanipa moja la Kifaransa nisilolijua, nikaliandika mkononi. Halafu nikafunga chupa, nikaosha kifuniko, nikakirudisha kwenye kopo la vifungo, nikaenda kumsaidia Mama kusonga nsima. Tonton aligeuza kiti chake, akakaa akitazama mlango.

Mgeni wako,
Esperansi