Barua ya Papa Anatole kwa Uhamiaji

Kalemie, 4 Machi 1991

Mutoto wangu Bibiane,

Unaamka namna gani? Homa imekuacha? Huku muke wangu Mama Henriette ananenepa tu, mimi njo nakonda kwa kukuwaza.

Unasema pasi uliyovukia ziwa ni ya wachuuzi, na shule ya wauguzi wanataka kibali cha mwanafunzi. Usiogope! Nimevuka kwenda Kigoma mpaka samaki wananiita kwa jina. Sema unauza ndagala, dagaa wa kwetu. Ao sema umekimbia vita. Ao olewa na muntu wa huko, hata wa wiki mbili. Chagua.

Papa yako mudogo,
Anatole

Kigoma, 15 Machi

Papa mdogo mpendwa,

Shikamoo. Homa imeisha. Nimecheka mpaka sista akanigombeza.

Papa, nikidanganya watanirudisha na sitaingia tena. Njia ya halali ipo: paspoti ninayo, barua ya shule ninayo. Kwa kuwa baba Jérôme alikufa, imebaki barua ya mlezi. Andika tu kwamba wewe ni mdogo wake marehemu, ndiwe unayenilea. Bila hiyo, mwisho wa Aprili narudi na shule naiacha.

Binti yako,
Bibiane

Kalemie, 28 Machi

Mutoto wangu,

Sisi wazima, na wewe? Barua nimetuma, ila maneno yako nimeyaacha. Niandike "mdogo wake marehemu" kama jirani anayepita njia? Kwetu kaka akifa, watoto hawakosi papa. Nimeandika: "Mimi ni baba yake." Na nikapiga muhuri wa chama cha wavuvi, ule mukubwa. Watasimama wakiusoma!

Papa yako mudogo,
Anatole

Kigoma, 11 Aprili

Papa mdogo,

Shikamoo, na usikasirike. Afisa alisoma hati ya kifo cha baba, kisha barua ya baba. Akaniuliza, "Huyu marehemu bado anavua samaki?" Wanadhani nimeghushi. Barua nyingine hawataki; wanataka uje mwenyewe kabla ya mwezi kuisha.

Mama Henriette aliniambia hujavuka ziwa hata mara moja, kwamba hata Moba ya kando ya ziwa unaenda kwa lori. Najua unaogopa maji. Njoo hivyo hivyo, Papa.

Binti yako,
Bibiane

Kalemie, 2 Mei

Mutoto wangu,

Umelala? Umekula? Nimefika salama. Henriette ni muongo. Mawimbi yalikuwa kama nyumba za ghorofa, kapiteni akanibembeleza nishike usukani. Wanaosema nililala chini nimekumbatia gunia la mihogo, nilikuwa nalichunga.

Ile biro yao ya uhamiaji nimeipenda. Afisa aliponiuliza mimi ni nani kwako, nikamwambia: "Jérôme alimuzaa. Alipokufa, nikabaki mimi." Akanitazama, akaandika "mlezi", akagonga muhuri. Mudogo kuliko wetu, lakini basi. Wewe ulilia. Mimi, ni moshi wa meli uliniingia macho.

Sasa niulizie kitu. Muntu anayetaka kuvuka kila Pasaka kumuona binti yake, kibali chake kinaitwaje? Kile cha halali. Mambo ya kudanganya mipaka mimi sijawahi kuyapenda.

Papa yako,
Anatole