Mikono Yako Bila Jina

Takwenya, rafiki yangu, nakuamkia kwa salamu ya kwenu. "Iko" nitaitikia mwenyewe, maana tangu ulipotuacha duka limekuwa kimya, na ukimya wake nimeuzoea hadi naongea nao kama mtu.

Asubuhi hii ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro mpaka huku Karatu. Barabara haionekani. Magari ya watalii yanapita yamewasha taa kumekucha, nami nimekaa katikati ya mafungu ya shanga nikihisi kwamba utasukuma mlango sasa hivi, shuka limelowa, uniambie, "Mama Glory, leo nipe bluu ya mvua, si bluu ya sare za shule." Mimi muuza shanga nilijua bluu moja tu mpaka ulipokuja wewe.

Nikueleze yaliyotokea. Unazikumbuka zile video tulizokuwa tukipiga hapa hapa, wewe unatunga shanga na kusimulia rangi, mimi nimeshika simu? "Usihemee simu, Mama Glory, unasikika kama punda anayepanda mlima wa Kansay." Tukacheka, ukairusha hivyo hivyo kwenye ukurasa wako, kicheko ndani yake. Basi, mwenzangu wa kwaya alinitumia video kutoka tovuti fulani akaniuliza, "Hii si mikono ya shoga yako?"

Ilikuwa mikono yako. Kidole gumba chenye kovu la moto, na mkeka wangu chini yake. Lakini sauti yako wameitoa wakaweka filimbi. Jina lako lililokuwa pembeni wamelikata. Maneno yako ya bluu ya mvua wameyaandika kama yao, na mwisho kabisa wakaweka: "Msanii hajulikani."

Hajulikani! Wewe, ambaye siku ya mnada ulikuwa unafika dukani kwangu umechelewa kwa sababu ya salamu tu.

Nililia, na Mungu anisamehe, nililaani kidogo pia. Nilipotulia nikaomba, kisha nikawaandikia. Kwa Kiswahili changu hiki cha darasa la saba niliwaambia kwamba mwenye mikono hiyo anajulikana, na aliyeshika simu ni mimi. Sikutegemea jibu. Wakajibu, tena kwa adabu: nitume jina kamili la msanii, wataliweka.

Nikaliandika jina lako. Kidole kikagoma kutuma.

Nilikumbuka msiba wako. Nilipokuita kwa jina, mama yako aliniwekea kiganja mdomoni, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Kwenu, aliyetangulia jina lake halitajwi. Sisi kwetu tunalitaja, tunaona tukilinyamazia ni kama tumemzika mara ya pili. Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, unabaki "hajulikani" mbele ya dunia nzima. Nikilitaja, namuumiza yeyo, mama yako aliyekuzaa.

Nikapanda gari la mahindi kwenda kwake Endulen, nimuulize. Rafiki yangu, safari ile sijui kama niliisafiri au niliiota. Kule juu, mahali ambapo kreta huwa inafunguka upande wa kulia, hapakuwa na kreta. Palikuwa na weupe tu. Kengele za ng'ombe zilisikika, ng'ombe hawakuonekana, nami nikawaza kwamba labda hivyo ndivyo ulivyo sasa, uko karibu kabisa, ni macho yetu tu.

Yeyo alinipa chai ya maziwa. Nikamwonyesha video. Alikuwa hajawahi kuiona. Aliitazama mikono yako ikitunga, ikitunga, na vidole vyake mwenyewe vikaanza kwenda vivyo hivyo juu ya goti, bila uzi, bila shanga. Baadaye nikamweleza wanachotaka wale watu, na kwamba sitawapa bila ruhusa yake. Aliinuka akachochea moto, nikadhani amekataa. Nikaanza kujifunga kanga niondoke.

Ndipo akasema, "Ana mtoto. Mwenye mtoto anaitwa kwa mtoto."

Nikawatumia: Mama Naserian, wa Ngorongoro. Wakaliweka. Filimbi hawajaitoa. Nimewaomba wakurudishie sauti yako, wananizungusha, lakini unanijua mimi na kung'ang'ania.

Jumamosi yeyo alikuja dukani na Naserian. Mwanao anasoma sasa, na mimi ananiita mama mkubwa, mwenyewe tu, hakuna aliyemwambia. Nikamfungulia simu. Akafuatisha herufi kwa kidole, midomo inacheza, akafika mwisho, akageuka kwa bibi yake macho yamemtoka: "Koko, wameniandika mimi!"

Yeyo akamvuta akampakata, mtoto mkubwa vile. "Wamewaandika wawili," akasema.

Nilijifanya napanga shanga.

Sere, nakuaga kama mnavyoagana kwenu, rafiki yangu, lala kwa amani ya Bwana. Nakuahidi nitawaandikia wale watu mpaka wachoke wao kabla yangu, Naserian amsikie mama yake akicheka. Na lile jina lako lingine sitalitamka tena kwa kinywa. Nalitaja moyoni ninapomshukuru Mungu kwa ajili yako, na Yeye hahitaji nipaze sauti.

Ni mimi,
Mama Glory