Neno Nililoliweka Kwenye Kurasa Zote

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Hombolo tu wazima, na zabibu za babu yako zimeanza kuiva. Unauliza kama unaweza kulijaribu faili lako la JavaScript, lile la maagizo yanayobadilisha ukurasa, moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo. Hapana; lijaribu kwanza kwenye kompyuta yako.

Nilipoanza kazi ya tovuti katika chuo kimoja, niliandika faili kama hilo libadilishe maandishi ya ukurasa mmoja yasomeke "Umechaguliwa". Nilisahau kwamba kurasa za waombaji wote wa nafasi za masomo zilitumia faili hilohilo. Nikalifuta haraka, bila kuwaarifu waliokwisha kuliona neno hilo.

Kesho yake alifika chuoni mama kutoka Mpwapwa na binti yake, ambaye hakuwa amechaguliwa, wamebeba tranka jipya.

"Bweni liko wapi, mwanangu?"



Bibi yako